Jiwe Lililomtenga Fundi na Mama Yake

Saa mbili asubuhi, fundi mwashi amechuchumaa ndani ya shimo la msingi. Anabandua kipande cha jiwe la kijivu, lenye matabaka kama kurasa za kitabu, na kukitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Mwenye kiwanja anatazama saa.

"Dada, jiwe ni jiwe. Tumwage zege."

"Subiri kidogo, kaka."

Robo saa haijaisha, kipande kimevimba, kimepasuka na kugeuka tope. Mwenye kiwanja anashika kiuno.

Fundi huyu, mwanamke wa miaka 49 ambaye wenzake humtania kwa jina la Dada Kikombe, hakuanza kazi na tahadhari hiyo. Miaka minne iliyopita alimjengea mama yake mzazi nyumba ya vyumba viwili juu ya mwamba wa aina hii.

"Sururu ilikuwa ikigonga inarudi," anasema. "Nikajua hapa nimefika."

Kumbe jiwe hilo limejaa udongo wa mfinyanzi. Likikauka ni gumu. Likinywa maji hutanuka kwa nguvu ya kuinua hata zege. Mvua za mwaka wa pili zilipoingia chini ya nyumba, sakafu ilipanda sentimita saba. Kuta zikachanika.

Asubuhi moja alikuta mlango wa chumba cha mama yake umebanwa, na bibi huyo, asiyeona vizuri, yuko ndani tangu alfajiri.

"Nilivunja mlango niliouweka kwa mikono yangu. Akaniambia, 'Usilie mwanangu, nilijua utakuja.' Hapo ndipo nilipolia kweli."

Sasa mama anaishi kwa mwanawe wa kiume, kaka wa fundi huyu, safari ya siku nzima.

"Anatunzwa vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini kila nikipiga simu ananiuliza, 'Chumba changu kinaendeleaje?' Utadhani anaulizia hali ya mgonjwa."

Jumapili, siku yake ya mapumziko, fundi huenda kwenye nyumba ile. Amekwisha kubomoa sakafu, kuchimbua jiwe hadi kina cha mita moja na nusu, kushindilia kifusi kizuri na kuchimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Akichoka, huketi pale kilipokuwa kitanda cha mama.

Mwezi ujao atamwaga sakafu mpya. Hatamrudisha mama papo hapo. Anataka msimu mmoja wa mvua upite juu ya nyumba tupu.

"Mama ana miaka themanini na mmoja," anasema, akitazama pembeni. "Nikimwambia mvua moja tu, ananijibu, 'Moja, sawa. Lakini zisiwe mbili.'"