Wiki Tatu za Kuyashuku Masikio

Mama yangu alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka arobaini na tatu. Mwanzoni alilalamika kwamba watu wa kijijini kwetu Mtinko siku hizi wananong'ona; baadaye akawa anatutazama midomo. Kwa hiyo nilipofika umri uleule, na hedifoni zangu mpya zikanipa sauti iliyofifia, kama mtu anayeimba amejifunika blanketi, sikuwaza hedifoni. Niliwaza masikio.

Nilizinunua, zisizo na waya, ili nijifunze nyimbo za kwaya nikiwa shambani navuna alizeti. Mwalimu wa kwaya alikuwa akitutumia rekodi kwenye simu. Mimi huimba sauti ya pili, na hiyo ndiyo sikuipata. Besi iliimeza yote, hata nikiongeza sauti hadi mwisho. Wiki tatu sikumwambia mtu. Nikiitwa kwa mbali nilijiuliza: nimesikia, au nimekisia?

Dada yangu, anayeuza vifaa vya simu Singida mjini, akaja kutusaidia kupura. Akaziona hedifoni.

"Hebu nizijaribu."

Akaziunganisha na simu yake, nikamtumia wimbo mmoja wa kwaya, akaufungulia. "Mbona ziko safi!"

Kwake safi, kwangu blanketi; basi ni mimi.

"Nivalishe," nikamwambia, wimbo ukiwa bado unaendelea.

Nikaisikia sauti ya pili yote. Nikawasikia hata waimbaji wakivuta pumzi. Nikakaa juu ya gunia, machozi yakanitoka.

"Una nini?"

"Nilidhani nimekuwa kama mama."

Akaichukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio ya sauti. Besi ilikuwa imepandishwa mno, akairudisha. Akanieleza kwamba kila simu huibana sauti kwa namna yake kabla ya kuirusha, nyingine huibana vizuri, nyingine ovyo, na hedifoni hupokea tu kilicholetwa. Nikasikiliza tena kwa simu yangu. Haikuifikia ya kwake, lakini blanketi lilikuwa limeondoka.

"Wiki tatu unahangaika peke yako, na mimi dada yako nipo?" akafoka.

Nilicheka tu. Mchana ule nilikula ugali na mlenda kuliko wote waliokuwa pale, nikaomba na wa dada.