Hodhi la Mama Chero

Mama Chero wa Kiamunyi hakuwa na pesa za bafu jipya, akaniita nirekebishe lile la zamani bila kuliharibu sura. Hodhi la chuma, lile la kuogea ukiwa umelala, nililisugua mpaka likang'aa. Mimi nimeoga kwa karai maisha yangu yote. Nikavua viatu, nikalala ndani kidogo nijaribu.

Mara nikasikia akina mama wa kanisa mlangoni. Nikaona haya kutoka. Nikajifunika turubai langu la kazi, maana nikionekana, kazi imeisha.

"Ni la wakati wa mkoloni, nimekataa kulitupa," Mama Chero alijigamba akiwaingiza bafuni.

"Wee! Si utasinzia humo ufe maji?" mmoja akamuuliza, wakacheka.

"Wacheni utani, tuombee nyumba," Mama Chero akasema, akaanza yeye mwenyewe.

Aliombea paa, akaombea mifereji. Maombi yalikuwa matamu, nami nimelelewa kanisani. Aliponyamaza, nikajibu kwa nguvu:

"Amina!"

Kumbe alikuwa anavuta pumzi tu.

"Shindwe, shetani!" mmoja alipiga kelele. Mama Chero akalivuta turubai.

"Niko karibu kumaliza, mathe," nikamwambia.