Fisi Husema Mara Moja

Kailemia hushona viatu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa pia fisi wetu, na kazi hiyo ya pili ndiyo aliyoiheshimu.

Soko letu liko chini kidogo ya Kiirua, pale barabara inapogawanyika: moja inapanda kwenye mashamba ya viazi, nyingine inashuka malishoni. Kila Agosti wanyama hupita hapo kwa maandamano. Kuna tembo wa magunia mwenye watu wanne tumboni, na kobe aliyebeba karai mgongoni. Fisi hufunga msafara.

Zamani kila mtoto alijua sababu. Fisi alinusa nyama ikichomwa juu, akanusa nyingine chini, akazitaka zote. Mguu mmoja huku, mwingine kule, akapasuka. Kwa hiyo anayevaa ngozi ya fisi hufungwa kamba kila mguu, watu wa juu na wa chini wakamvuta mpaka aseme, kwa Kimeru cha kale, neno lililomshinda fisi wa hadithi: nimeshiba. Hapo kamba huachiliwa. Na husema mara moja tu. Anayerudia ni mlafi, anadanganya. Huvuliwa ngozi hadharani, asiivae tena yeye wala mtu wa nyumba yake.

Mwaka jana Kailemia alikuwa na miaka sabini na miwili na nyonga mbovu. Asubuhi ile mkewe, Kajuju, alimsihi.

"Baba Nkirote, mpe Gichovi hiyo ngozi. Ni mtoto wa ndugu yako."

"Gichovi hajui neno."

"Si umfundishe?"

"Nilimfundisha. Akacheka."

Wavutaji wa zamani walikuwa wazee waliovuta kwa masikio. Hawa wa sasa walikuwa vijana waliovaa fulana za kamati, na kamati yenyewe, chini ya Antony muuza simu, ilileta spika mbili kubwa kama kabati. Muziki wa Nairobi ukanguruma hata ngoma yetu isisikike. Eti maendeleo.

Kailemia alifika njia panda akichechemea kama fisi, na safari hii hakuwa akiigiza. Wakamfunga. Kamba zikakaza. Niliona mguu wa kushoto ukitetemeka chini ya ngozi. Akainua kichwa, akasema neno.

Nililisikia kwa sababu nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Kajuju alilisikia pia, akiwa karibu, penye nyama ya mbuzi ya sherehe, kisu mkononi.

Vijana wakaendelea kuvuta.

"Amesema!" Kajuju akalia. "Mwachilieni!"

"Mama anatetea timu ya chini!" mmoja akamjibu, wenzake wakacheka. "Vuta! Mzee bado ana nguvu!"

Nami nikapiga kelele. Sauti yangu ilimezwa na spika. Gichovi, aliyeshika kamba ya juu, akainama kidogo.

"Baba mdogo, sema basi! Hata kwa Kiswahili!"

Kailemia akamtazama kupitia matundu ya macho. Angeweza. Neno moja tu, kwa lugha yoyote, na mguu wake ungepona. Akafunga mdomo. Nikaona jasho likidondoka kutoka kidevuni, kisha, hata kwa muziki ule, nikasikia kitu kikilia ndani ya nyonga, kama kijiti kibichi kinachopindwa.

Kajuju hakungoja. Alipita katikati ya watu, akaikata kamba ya juu kwa kisu chenye mafuta ya mbuzi. Gichovi na wenzake wakaanguka chali kwenye vumbi, na umati ukashangilia ukidhani ni mchezo.

Siku ya tatu Antony alikuja hospitalini na ndizi mbivu.

"Mzee, pole. Lakini ungesema tu."

"Nilisema."

"Basi kamati inaomba utuambie hilo neno, tuliandike. Mwakani vijana walijue."

Mguu wa Kailemia ulikuwa umening'inizwa kwa uzito wa chuma.

"Nimeshalisema mwaka huu," akajibu. "Unataka nivuliwe ngozi kitandani?"

Antony akacheka, akanitazama kama anayeomba msaada. Sikumpa. Aliondoka, na wiki mbili baadaye tukasikia kamati imenunua filimbi: ikilia, kamba ziachiwe.

Kailemia hatembei tena bila magongo mawili. Ngozi iko kwake, imekunjwa juu ya kabati, na hakuna aliyekwenda kuiomba.