Siku Pipi Aliponunua Bibi

Mahindi yakianikwa huku kwetu Munyaka, juu ya maturubai kando ya barabara, hutoa harufu ya vumbi tamutamu ambayo hunirudisha darasa la pili kule Moiben. Jana nilikuwa nimeketi mlangoni na simu, nikitafuta mbinu za kuwafundisha wanafunzi wangu kusoma bila wao kusinzia, harufu hiyo ikanifikia. Nikaweka simu chini. Hebu niwaambie ilivyokuwa.

Nyumbani tulizungumza Kikalenjin, na ulimi wangu haukujua kutenganisha "p" na "b". Hakuna aliyejali, mpaka siku niliposimamishwa nisome sentensi moja fupi: "Bibi alinunua pipi." Nikavuta pumzi, nikasoma kwa sauti ya kwaya: "Pipi alinunua bibi."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Kwetu bibi ni mke, basi kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Alitoa ng'ombe ngapi?"

Tangu hapo nikaitwa Pipi, nami nikafunga mdomo. Nikiambiwa nisome, nilitazama vidole vya miguu tu. Jioni moja nikamwambia mama kwamba shule imenitosha, nitabaki nyumbani na ndama. Mama alikuwa anakamua, hata hakugeuka. "Hao ndama wenyewe hawataki mtu hajui kusoma," alisema. Lakini mimi nilikuwa nimeamua kwelikweli.

Mwalimu wetu, Mwalimu Nafula, alikuwa mama mcheshi aliyetoka upande wa Bungoma. Hakunigombeza. Alituambia sote tuje na makapi ya mahindi, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupukuchua, makapi yalijaa kila boma. Tukaweka kapi moja kwenye kiganja, tukasogeza kiganja karibu na midomo.

"Semeni pipi," akasema. Makapi yakaruka.

"Sasa semeni bibi, polepole, kapi likae."

Yakaruka tena! Karibu ya darasa zima, hata la yule kijana wa ng'ombe. Hakuna aliyepata nafasi ya kumcheka mwenzake, maana tulikuwa sakafuni tukitafuta makapi yetu.

Kisha Mwalimu akaweka lake. "Baba," akasema. Likaruka, likatua kwenye sweta yangu. Akacheka hadi akashika meza. "Ona, hata langu halisikii! Chebet, hebu jaribu wewe."

Nilikuwa karibu kusahau kwamba naitwa Chebet. Nikabana midomo, nikasema "baba" taratibu, kama mtu aliyebeba yai. Kapi likatikisika, likakaa. Mwalimu akapiga makofi, na kabla sijakumbuka kuogopa nikawa nimesoma sentensi ile yote, na iliyofuata.

Baada ya hapo tulitumwa nyumbani kutafuta maneno. Ya kurusha kapi: panya, pua, pasi. Ya kulituliza: bakuli, boga, bega. Nilimsumbua mama hadi akaanza kunitajia maneno yeye mwenyewe huku akikamua. Habari ya kubaki na ndama haikutajwa tena.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba Mwalimu alilirusha kapi lake makusudi, kutuchekesha. Jana, baada ya kuweka simu chini, niliichukua tena nikampigia. Amestaafu, yuko kwao, na hana tena darasa la kumfanya auchunge ulimi wake. Alifurahi sana kunisikia. "Na papa yako," akauliza, "hajampo?"

Hakuwa akiigiza siku ile. Ulimi wake ulimsumbua kama wangu, na aliwajua vizuri wale watoto na kicheko chao. Alijua kapi litaruka, na bado akaliweka kiganjani.

Nilisema asante, nikasema tena asante, mpaka akaniuliza kama laini ina shida.