Muuaji Aliyejikuna Mbele ya Farao

Hili hamtaliamini, na mimi sijali. Hata darasa la sita nilisema kweli nikachapwa. Mpwa wangu Letisia, mkulima wa shayiri hapa Tlawi, alimnasa muuaji wa Misri ya kale. Kwa mwasho.

Alikuwa anaandika riwaya kwenye madaftari ya shule. Mtunza ghala la Farao kanyongwa. Mtuhumiwa anaapa siku hiyo alishinda mtoni. Kumbe alijificha ghalani kati ya wapukuchua mahindi, na malengelenge ya viganjani yakamuumbua. Nikapiga makofi. Mwalimu Basili, mstaafu, akasoma, akavua miwani, akamgeukia Letisia.

"Mama Doris, Misri ya wakati ule haikuwa na mahindi."

"Sasa ghalani waliweka nini?"

Swali zuri. Kwetu ghala bila mahindi ni kibanda tu.

"Ngano. Shayiri."

Madaftari manne yameharibika, na shindano la wachapishaji alilokuwa analiandikia linafungwa baada ya siku tisa.

"Waache wale mahindi," nikamshauri. "Farao atakuja kulalamika?"

"Mjomba, nakuheshimu, ila hapo hapana." Akafungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza.

Siku ya sita alikuwa bado hana ushahidi wa kumfunga muuaji. Shayiri nayo haisubiri, akashika fimbo akaanza kupura. Mimi nilikuwa kivulini nasimamia. Mara akaacha, akajikuna shingo: vinywele vya masuke vimeingia kwenye kola. Akanitazama kama mbuzi wa Krismasi.

"Mjomba, vua koti. Pura."

"Mimi mgeni!"

"Pura, halafu ukaoge mtoni, uvae shati hilohilo. Nataka kujua kama mwasho unaisha."

Nilioga mara tatu. Nikarudi najikuna kama mbwa wa mnadani. Pole hakunipa, alikuwa anaandika: muuaji kasimama mbele ya Farao, nywele zinachuruzika maji ya mto, anaapa ghalani hakufika, na mkono wake wenyewe unapanda shingoni.

Siku ya tisa asubuhi madaftari yakapanda basi la Arusha.

Sasa Letisia yuko hapa kando yangu, anachambua maharage huku anachungulia ninachoandika. Na aone. Bila mimi riwaya ile ingekufa, maana siku ile nilipura magunia kumi na tano peke yangu, bila hata tone la maji, na jua lilipofika utosini nika

"Debe moja, mjomba. Na nusu yake nilipura mimi."