Kivumbasi cha Mlangoni kwa Mama

Mama aliposhuka kutoka Maguu kuja kukaa kwangu hapa ziwani, magoti yamemchoka, nilijua ugomvi utakuwa juu ya joto. Kumbe ulikuwa juu ya kivumbasi. Jioni ya kwanza nilichoma majani yake kufukuza mbu, kama tulivyofanya nyumbani. Mama akanusa, akakunja uso.

"Hiki siyo."

"Mama, ni kivumbasi."

"Nimesema siyo. Nirudishe kwangu."

Kurudi maana yake ni kukaa peke yake kule mlimani, baba ameshafariki. Niliogopa, na nikiogopa huwa nabisha. Mimi nafundisha kemia, jamani! Jani lilikuwa lile lile, maua yale yale. Lakini nilipolifikicha, ee, lilinukia kafuri. La kwetu lilinukia karafuu. Nikasoma. Kumbe mimea inaweza kufanana kama mapacha huku mafuta yake yakitofautiana: mmoja umejaa yujenoli, ile ya kwenye karafuu, mwingine kafuri, na hata wadudu hawayaogopi sawasawa. Furaha niliyopata! Nikamweleza mke wangu mpaka akasema, "Mwalimu, kengele imeshalia."

Jumamosi nikapanda Maguu, nikakata matawi mlangoni kwa mama mwenyewe, nikayafunga kwenye kitambaa kibichi. Njia nzima nilinukia karafuu. Nikasema leo amekwisha.

Mama akafikicha, akanusa, akafikicha tena.

"Hiki nacho siyo."

Hapo nilichanganyikiwa kabisa, mpaka nikapandisha sauti. "Mama! Nimekikata mlangoni kwako!"

"Mlangoni kwangu?"

"Pale pale, karibu na jiwe la kunolea majembe."

Akayalaza matawi mapajani. Mimi nikawa nahesabu makosa: labda jua, labda udongo, labda mafuta yamepotea njiani.

"Basi lilikuwa shati la baba yako," akasema.

Ndipo nikakumbuka. Baba alikuwa akijipaka majani hayo shingoni na mikononi kabla ya kwenda kuchuma kahawa. Jioni shati lilirudi likinukia kivumbasi, jasho na tumbaku, na mama ndiye aliyelifua. Sasa harufu hiyo utaitafuta kwenye kitabu gani?

"Nilidhani kimebaki kule," akasema. "Kumbe na kule hakipo. Haya, mwanangu, nitandikie."

Nikamtandikia. Alikuwa amekubali kukaa, na mimi nilitamani abishe tena.