Siku Niliyomzika Bi Zuwena Akiwa Amekaa Ananitazama

Nianze kwa kukiri, ili asije mtu akasema nimeficha: yule mwanamke wa kwenye ile klipu ni mimi. Yule mwenye abaya nyeusi, aliyesimama katikati ya majlisi ya watu, mkono mmoja kifuani na mwingine hewani kama anaongoza ndege kutua, ndiye mimi, mjumbe wenu wa Baraza. Klipu ina dakika moja tu, na kila anayeniletea (bado wapo wanaoniletea, kana kwamba mimi sikuwepo) huniuliza imekuwaje, basi kaeni niwaeleze, maana hiyo dakika moja ilitanguliwa na mambo na ikafuatiwa na mambo.

Nilikuwa na miezi minne tu Barazani. Wanawake tuliokuwemo tulikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki, kwa hiyo nilikuwa nasoma kila karatasi mara tatu nisije nikaulizwa nikababaika, natoka nyumbani asubuhi narudi magharibi, kamati hii na kamati ile, na huku nyuma Mabela, kitongoji walikonipa kura nyingi kuliko mahali popote, watu wameanza kunung'unika. Kuna sauti ilizunguka kwenye simu, ya mwanamke, kwa Kiswahili chetu safi cha Unguja tulichohamia nacho huku Uarabuni, inasema: "Huyu tumemchagua, keshatusahau. Hamumuoni harusini, hamumuoni mazikoni, anaonekana kwenye televisheni tu." Ile sauti iliniuma, wallahi, na iliniuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku mbili baada ya kuisikia nikapata habari kwamba mama yake Abu Khalfan amefariki. Abu Khalfan ni bwana mmoja wa Mabela aliyenisaidia sana wakati wa kampeni, kanifungulia milango ya watu, ila mama yake sikuwahi kumuona, wala mkewe, wala dada zake. Nikasema hapa ndipo. Leo nakwenda aza, kuhani msiba, nakaa na wanawake, nalia nao, nao waone kwamba sijawasahau.

Mume wangu Nasor ndiye aliyeendesha. Tulipofika Mabela akaniambia, "Muombe mtu akutumie location."

Nikamwambia, "Mimi mwakilishi wao, niombe location ya kwenda Mabela? Si watanicheka?"

Basi hapo ndipo yote yalipoanzia. Mabela ya sasa mnaijua, nyumba mpya juu ya nyumba mpya, zote rangi ya mchanga, mageti yote yamefanana, barabara hata majina hazina. Tukazunguka, tukazunguka, mpaka tukaona nyumba moja magari yamejaa mbele na viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Nikasema ndiyo hii. Nasor akasema, "Una hakika?" Nikasema hakika. Getini palikuwa na puto moja limefungwa, la rangi ya dhahabu. Nikaliona. Nikajiambia, watoto hao. Nikajitazama kwenye kioo cha gari, nikafuta rangi ya mdomo, nikakunja uso vizuri, nikashuka.

Nikaingia. Wanawake kama thelathini wamekaa chini, misahafu mikononi, dua ndiyo inamalizika, wanaitikia amin, wengine machozi yanawatoka. Udi unanukia. Katikati kuna sahani za halwa, sambusa, vitumbua, na keki moja kubwa imefunikwa. Halwa kwenye aza? Kwetu aza ni kahawa na tende, na kila mtu anajua. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaamua, na kichwa kikishaamua macho yana kazi gani? Nikasema watu wamebadilika siku hizi.

Pembeni, kwenye kiti cha enzi, amekaa bibi mmoja mzee mwembamba, kajifunika leso nyeupe, mguu umewekwa juu ya mto. Nikamwendea kwanza, kwa heshima, nikambusu kichwa, nikamwambia, "Bibi, Mwenyezi Mungu akupe subira."

Akanijibu, "Amin mwanangu. Subira nnayo nyingi, mguu ndio hauna."

Sikuelewa, nikatabasamu kwa huzuni. Kisha nikamtafuta mwenye msiba, nikaona mama mmoja wa makamo, macho mekundu, ndiye anayekaribisha watu. Kumbe anaitwa Rayya, ni binti wa yule bibi. Nikamkumbatia kwa nguvu, nikamnong'oneza, "Mungu akupeni subira, dada yangu. Msiba huu ni wetu sote."

Nikamhisi amekauka mikononi mwangu. "Msiba? Msiba gani, saada?" (Saada ni mheshimiwa, ndivyo wanavyotuita.)

Sasa mtu mwenye akili hapo angesimama akafikiri. Mimi nikamshika mashavu nikamwambia, "Najua. Moyo haukubali. Siku za mwanzo ndivyo zilivyo."

Akanitazama. Jiwekeni mahali pake: mtu wa serikali, uso umekunjwa, abaya nyeusi, hakualikwa, kaja mpaka nyumbani kwako kukwambia moyo haukubali. Macho yakamtoka. "Suleiman!" akapiga ukelele. "Kaka yangu! Kaka yangu yuko njiani anatoka Sur!"

Mimi nikasikia anamtaka kaka yake aje amfariji. Nikasema (Mungu anisamehe), "Atafika, inshallah. Sote tutafika, njia yetu ni hiyohiyo moja."

Basi Rayya akaanguka. Nyumba nzima ikalipuka kwa kilio. Mmoja anampepea, mmoja anampigia Suleiman simu, hapokei, kwa sababu anaendesha, na kila simu isipopokewa kilio kinapanda, mwisho Rayya mwenyewe akainyakua simu, akamwachia kaka yake sauti ambayo ndani yake husikii neno ila kulia na "mama, mama yangu". Nami nimesimama pale katikati, nasikia vilio, moyoni nasema: Allah, jinsi walivyompenda mama yao!

Hapo ndipo nilipoona pana haja ya mwakilishi.

Nikainua mkono. Nikawaambia watulie, na kwa kuwa mimi ni saada, wakatulia. Binti mmoja kule nyuma alikuwa ameshawasha simu tangu wakati wa dua, hakuizima. Nikaanza. Nikasema marehemu hakuwa mama wa nyumba hii peke yake, alikuwa mama yetu sote. Nikasema mwanamke kama yule hazaliwi kila siku. Yangeishia hapo maneno yangu pengine ningepona, lakini nilikuwa nimeshapata joto, na ile sauti ya kwenye simu bado inaniwasha, nataka wajue kwamba mimi ni mtu wao, kwamba naingia majumbani mwao, basi nikasema:

"Mimi mama huyu alinishika mkono. Mwezi uliopita tu, kwa mikono yake hii miwili. Akaniambia, mwanangu, mtaa wetu una kiza, tuletee taa. Nami namwahidi, huko aliko, taa zake zitawaka."

Kilio kimekatika kama bomba lililofungwa. Rayya kainua kichwa sakafuni. "Mama?" akauliza. "Mama gani, saada?"

"Mama yenu," nikasema. "Marehemu."

Wote, thelathini wazima, wakageuka kwa pamoja kutazama kwenye kiti. Nami nikageuka. Yule bibi kaegemeza kidevu kwenye mkongojo wake, ananisikiliza kwa makini kabisa.

"Rayya," akasema, "huyu ananisema mimi?"

"Naona hivyo, mama."

"Kumbe nshakufa," akasema Bi Zuwena, "na nyinyi mmenikalisha hapa mnanilisha vitumbua, hakuna hata mmoja aliyenambia."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, amelala hospitali wiki tano, karudi, watoto wake wamemsomea hitima ya kushukuru. Ile keki ikafunuliwa baadaye, imeandikwa hamdulillah kwa salama yako. Aza ya kina Abu Khalfan ilikuwa mtaa wa nyuma, geti lilelile, rangi ileile.

Lakini hayo siyo yaliyonichoma, wenzangu. Kukosea nyumba ni jambo la kawaida. Kilichonichoma ni pale bibi aliponiita kwa kidole, nikapiga magoti mbele yake, akaniuliza taratibu, bila ya hasira, "Mkono nilikushika lini, mwanangu?"

"Hukunishika, bibi."

"Na taa nilikuomba lini?"

"Hukuniomba."

"Na huyo aliyekufa kweli, alikuomba?"

Nikatazama zulia. "Sikuwahi kumuona," nikasema. Wote wamesikia. Simu nayo imesikia.

Na kabla sijanyanyuka pale chini, mlango ukagongwa kwa kishindo, akaingia mwanamume bila ya hodi, mguu mmoja una kiatu mmoja hauna, kofia hana, vumbi tupu. Ni Suleiman. Ile sauti ya dada yake aliisikiliza alipokuwa keshafika karibu na Mabela. Alipomuona mama yake amekaa, alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima, akaja akaangusha uso mapajani mwake, analia kama mtoto wa chekechea, na bibi anampapasa nywele, anamwambia, "Nipo, baba, nipo, hawa wamechanganyikiwa tu."

Alipotulia akainuka. "Nani kasema mama kafa?"

Rayya alifungua mdomo anikingie kifua, Mungu ambariki. Nikamwahi. "Mimi," nikasema. "Nimekosea nyumba."

Akanitazama sana. Mtu mpole, mtumishi wa serikali, anamjua saada ni nani. "Sikumbuki nimeendesha vipi," akasema. "Wallahi sikumbuki barabara. Ningeligonga lori mngekuwa na msiba wa kweli, na wewe ungekuja kutoa hotuba." Kisha akatoka nje akakaa barazani peke yake, nami nikamsikia anapiga kwikwi za kulia.

Nilitaka kuondoka. Bi Zuwena akanikatalia. "Unakwenda wapi? Umenizika, sasa ule hitima yangu." Hapo ndipo mwanamke mmoja alipocheka, kisha wa pili, kisha wakacheka wote mpaka wengine wakalala ubavu, na mimi nikala sambusa mbili zilizokuwa kama sufi mdomoni, machozi yananitiririka, sijui ya kucheka au ya nini. Nilipomuuliza bibi mtaa unahitaji nini hasa (kwa mara ya kwanza tangu nichaguliwe nilimuuliza mtu swali nikanyamaza kungoja jibu), akasema, "Taa za nini? Mimi nnalala baada ya isha. Tutilie tuta, magari yanapita hapa kama yanafukuzwa."

Klipu ilifika Barazani kabla yangu. Asubuhi yake, ukumbini, mjumbe mmoja mzee, ambaye hajawahi kunisemesha tangu niingie, aliinama kwenye kiti changu akaniuliza, "Saada, jana umefufua wangapi?" Nikacheka naye, ningefanyaje? Nilikuwa na maelezo ya kutoa siku hiyo kuhusu zahanati, maelezo niliyoyaandaa wiki mbili, nikayatoa, na najua hakuna aliyesikia hata sentensi moja.

Alasiri nikarudi Mabela. Kwanza kwa Suleiman (Sur huenda kikazi tu, kwake ni hapo Mabela), nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Alinisamehe, lakini kura yake, alinambia mwenyewe kwa adabu zote, hatonipa tena, na sikumlaumu. Kisha nikaenda kwa kina Abu Khalfan, nyumba yenyewe safari hii. Klipu walikuwa wameshaiona. Nilisalimia, nikasema maneno yanayosemwa na kila mtu, si zaidi, nikakaa chini mwishoni kabisa karibu na mlango, nikanyamaza. Nikanyamaza saa nzima. Na katika ile saa wanawake walizungumza, mmoja mmoja, jinsi marehemu alivyokuwa akipika mkate wa ufuta Ijumaa akaugawa kwa majirani, jinsi alivyokuwa mkali kwa wakwe, jinsi alivyoogopa paka. Mtu mzima, na hofu zake na ukali wake, ambaye jana yake mimi ningemfanya mama wa taifa kwa dakika moja na nikatoka.

Tuta bado halijawekwa. Siyo kazi ya Baraza, nimeandika barua mahali panapohusika, nimeandika tena, na Bi Zuwena hunipigia simu kila Alhamisi kuniuliza.

Watu huniuliza kama nitagombea tena. Sijui. Ila nimeapa jambo moja, na nimelishika mpaka leo: nikiingia kwenye msiba nawapa mkono wafiwa, namwombea maiti, nakaa. Sifa zake nawaachia waliokula naye.